Mama Milembe Ndaki, Aliyenyoa Nywele Apimwe Macho

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, Goodness alikuwa mjini Bariadi akimpikia mama yake uji, ndipo mdogo wake Josia alipopiga simu kutoka hospitalini. "Dada, uache huo uji," alisema. "Mama ametutoka."

Mama Milembe Ndaki alizaliwa tarehe 4 Juni 1964 kijijini Zagayu, akamaliza darasa la saba hapohapo mwaka 1979. Alijifunza ushonaji, na tarehe 18 Oktoba 1986 alifunga ndoa kanisani na Constantine Ngassa. Sare za watoto wengi wa Bariadi zilipita mikononi mwake.

Mwaka 2015 alianza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Macho yake hayakuwa na wekundu wala mtoto wa jicho, na miwani haikumsaidia. Ukweni wakasema anajifanya, anakimbia kuchuma pamba. Wifi yake Nyanjige alisema mbele ya watu, "Macho maangavu kama ya ndama, halafu haoni? Kaka, mrudishe kwao." Wengine walitaka apelekwe kwa mganga. Mama aliwajibu wote, "Sijarogwa na sidanganyi. Nitapimwa."

Aliposikia kwamba nyaya za kipimo hubandikwa kichwani, alinyoa kipara kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam. Majirani wakaanza kumpa pole ya msiba. "Hajafa mtu," aliwaambia. "Nimenyolea umeme."

Huko alitazama miraba myeusi na myeupe ikibadilishana kwenye skrini, mashine ikipima umeme unaotoka machoni kwenda kwenye ubongo. Ulifika umechelewa, tena hafifu. Mishipa ya fahamu ya macho ilikuwa imeugua. Kipimo hakikumrudishia kuona, naye hakudai muujiza. Alirudi na karatasi yenye mawimbi, akaitundika sebuleni juu ya picha ya harusi. Mzee Constantine akawa anamtungia uzi, naye akapinda nguo kwa kupapasa mpaka mwaka jana. Wapo walioomba tusiutaje ugonjwa huu leo. Tumeutaja.

Kilichomchukua ni nimonia, baada ya siku sita wodini. Ameacha mume, watoto watatu, Goodness, Josia na Bujiku, na wajukuu watano.

Jumapili kabla ya kifo chake, Nyanjige aliingia wodini akasimama kando ya kitanda.

"Nani huyo?" Mama aliuliza.

"Ni mimi, wifi. Nilikusingizia."

"Najua. Kaa."

Alikaa, akamshika mkono mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Kisha akaaga, akatoka.

Ee Bwana, mpokee Milembe, apumzike kwako.