Ndiyo ya Baba Yenu

Sogeeni wanangu, Lameck na Liliane, na wewe Jenifa mkwe wangu, uache hayo mafiga, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema tu, si ya kubishana.

Shamba la migomba hapa Kaisho, pamoja na kahawa hadi kule mtoni, ni la Lameck. Chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, nampa Liliane. Lameck, usinune. Najua ulitaka kufungua duka. Nisikilize kwanza, kwa sababu ulikuwa mdogo siku walipomchukua baba yako, na Liliane alikuwa bado tumboni.

Mume wa Agnetha, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, alikatwa mapanga akafa. Kabla ya hapo yeye na baba yenu walikuwa wamegombana juu ya ng'ombe walioingia kwenye maharage yetu, na majirani wote walisikia. Ikatosha wamkamate. Niyomugabo wangu akapelekwa mahakamani mjini, akapewa wakili aliyeonana naye mlangoni asubuhi ile ile ya kesi, wakapeana mkono, wakaingia. Kiswahili cha baba yenu kilikuwa cha kusalimia na kuuza ndizi, basi. Mimi nilikaa benchi la nyuma.

"Uligombana na marehemu?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa na panga?"

"Ndiyo."

"Ulimkata?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Alijibu kama alivyolelewa kumjibu mkubwa, kichwa chini. Nilisimama nikapiga kelele kwa Kinyarwanda kwamba haelewi anachoulizwa, wakanitoa nje. Alifia gerezani rufaa yake haijasikilizwa, akazikwa huko huko, na kaburi sijaonyeshwa hadi leo. Tangu hapo, ukungu ukishuka kwenye migomba, namsikia akijibu, ndiyo, ndiyo, na hakuna anayemuuliza. Mlidhani ni uzee unaonitoa nje kusimama kule peke yangu. Si uzee. Huwa nakwenda kumwambia, kwa lugha yake, anyamaze.

Tulipokwisha kuanua tanga la baba yenu, Agnetha alivuka bonde akaja kukaa hapa mlangoni, hataki hata kiti.

"Mume wangu hakufa pale pale, Mukabera. Alinitajia waliomkata. Niyomugabo hakuwemo."

"Mbona hukusema?"

"Waliulizwa shemeji zangu. Mimi nilikuwa ndani na kichanga. Nilimngoja huyo wakili, dada. Nilijua lazima atakuja kuniuliza mimi."

Hakuja mtu. Huku kwetu ni mbali, na barabara mvua ikinyesha mnaijua. Tulilia pamoja, mimi na yeye, wajane wa kifo kimoja. Kwa hiyo Lameck, chuki yako na nyumba ile iishe leo. Watoto wa Agnetha wapite shambani mwetu wakienda kisimani, na usiwatupie neno.

Liliane, uwakili uliusomea mwenyewe, sikukutuma. Najua mjini kuna kazi nzuri kuliko ya huku. Nakuomba tu, hata kama ni siku za gulio, ukifungue chumba kile kiwe ofisi yako. Usiingie mahakamani na mtu ambaye hujakaa naye. Muulize kwa lugha anayoiota usingizini, kisha uvuke bonde, ukamtafute yule mwanamke aliyeachwa ndani bila kuulizwa.

Mnizike bila kungoja ndugu wa mbali. Kitenge changu kipya ni cha Jenifa, amenivumilia. Na Mungu aliyetuvusha mpaka wa nchi tukikimbia awape kukaa, wanangu, awape kuheshimiana, awape... nipe maji. Asante.

Nani huyo anabisha hodi? Mwanamke wa kule Igurwa? Na bodaboda, tangu alfajiri, na mumewe amekamatwa... Hapana, Lameck, asiambiwe arudi kesho. Liliane, niachie mkono. Kaka yako atanishika. Nenda, mwanangu, kamkaribishe, umpe kiti... na usimkatize. Mwache aseme... mpaka amalize.