Mtumishi Asiyeonja Supu

Pale Mji Mpya, nyuma ya banda la video, kuna benchi la mbao ambalo wenyewe wanaliita Mahakama ya Rufaa, kwa sababu hakuna kesi iliyowahi kufika hapo ikaisha. Mchana huo wingu lilikuwa limekaa juu ya Uluguru, Abasi muuza kahawa ameshamimina mzunguko wa pili, na mshtakiwa alikuwa Hatibu Sauti. Hatibu ndiye anayezitia Kiswahili filamu za kigeni bandani, peke yake na kipaza sauti chake: wanaume yeye, wanawake yeye, mbwa yeye. Jana alionyesha nusu ya kwanza ya filamu ya zamani ya Kiingereza, isiyo na rangi, ya mume na mke wapelelezi. Tajiri kafia mezani kwenye jumba lake, na Hatibu akalitangazia banda zima kwamba muuaji ni mtumishi. Leo asubuhi ndipo alipoiangalia nusu ya pili. Mtumishi naye anauawa, na mwishoni polisi wanamkamata daktari, daktari yule yule mpole ambaye jana Hatibu aliwaliza watu kwa ajili yake. Saa kumi banda linajaa, na Hatibu hakuwa na la kuwaambia. Alikuwa anaogopa kweli.

— Kwanza huyo mtumishi ulimshikia nini? aliuliza Maneno, mstaafu wa reli wa Ngerengere. Kijiweni anaitwa Behewa, maana hasemi jambo moja bila kukokota jingine nyuma.

— Si uliona mwenyewe, Behewa? Kaleta supu, kawapakulia wote, halafu kasimama ukutani. Hakukaa, hakuonja! Mtu akuwekee chakula halafu abaki anakutazama unavyokula, wewe ungekigusa?

— Mimi? Ningetoka na viatu mkononi.

— Basi. Na banda zima lilinielewa.

— Ila umekosea pa kuanzia. Unauliza nani kaua. Uliza kwanza nani kafa. Mimi nakwambia yule tajiri mzima wa afya.

— Mzima vipi, na tumemwona kalala chali?

— Sanda umeiona? Kuna mtu kachimba kaburi? Kesho yake wanapiga kinanda, wanakunywa chai! Msiba gani hauna hata turubai uani? Yule yuko stoo, kajibanza, anasikiliza nani atamlilia.

Twalibu akakohoa. Alilinda geti la chuo Mzumbe miaka ishirini, na wenzake wakampa uprofesa bila kumfanyia mtihani.

— Mnazunguka mbuyu bure, alisema. Wauaji ni hao hao wapelelezi.

— Astaghafirullah, Profesa!

— Chumba chao si mlikiona? Vitanda viwili! Huyu chake, yule chake, katikati meza na taa. Mume na mke gani hao? Ile ni kampuni. Wanaua wenyewe, halafu wanaitwa kupeleleza.

— Labda bwana anakoroma, alisema Abasi huku anasuuza vikombe.

— Kukoroma ndiyo utengewe kitanda? Mimi nakoroma mpaka jirani anagonga ukuta, na mke wangu Maimuna hajanihamisha.

— Akuhamishie wapi, Profesa, na kitanda kimoja?

Walicheka mpaka benchi likalia. Hatibu naye alicheka, kisha akaikumbuka saa kumi na kicheko kikamkauka mdomoni.

— Jamani nisaidieni. Nitawaambia nini watu?

— Tuunganishe, alisema Behewa. Tajiri hajafa, mtumishi hajafa. Daktari kawapa dawa ya usingizi, wapelelezi wanajua, na wale polisi ni wa bandia.

— Wa bandia?

— Zile kofia uliziangalia vizuri?

Hatibu akaanza kuona kwamba hiyo inaweza kupita. Alikuwa ameshaijaribu kwa sauti ya chini mara mbili, pamoja na kishindo cha mlango wa stoo, alipotokea Felista, mkulima wa Mgeta, mkononi tenga tupu. Karoti na njegere zake zilikuwa zimeisha sokoni, akawa amekuja kuchukua simu aliyoiacha bandani ichajiwe.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, binti. Wa mlimani hawajambo?

— Hawajambo, baridi tu. Kaka, wewe ndiye mwenye ile sauti?

— Ndiye mimi.

— Jana niliangalia pale mlangoni nikisubiri gari. Naomba kuuliza. Kwenye ngazi, yule mama alimshika mumewe mkono, akaongea weee, mpaka machozi yakamlengalenga. Alikuwa anasema nini?

Hatibu alizikumbuka ngazi vizuri sana. Hapo ndipo alipowasalimia vijana wa Kihonda na kuomba pikipiki ziondolewe mlangoni.

— Alikuwa anamwambia mumewe... twende tukalale, alijaribu Profesa.

— Na bustanini je? aliendelea Felista. Na ndani ya gari? Kila yule mama akianza kuongea, wewe unatusalimia.

Hatibu aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu aangalie vidole vyake vya miguu. Kiingereza hakikumshinda. Hakusikiliza tu. Miaka yote hiyo, zamu za wanawake ndizo alizopumzishia koo.

Akainuka, kahawa haijaisha, na Mahakama nzima ikamfuata. Bandani akairudisha filamu mpaka kwenye ngazi, safari hii kipaza sauti kikiwa kimening'inia kwenye msumari wake. Yule mama akamshika mumewe mkono. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina haraka, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia.

— Anasema mtumishi hana kosa, alitafsiri Hatibu polepole, kwa sauti yake ya nyumbani. Supu ilikuwa safi. Sumu ilikuwa kwenye dawa aliyopewa marehemu kabla ya kula. Anasema ni daktari. Anasema... anasema ameshamwambia tangu juzi.

— Na mumewe anamjibu nini? aliuliza Felista.

Kwenye kioo, bwana mpelelezi aliwasha kiko chake, akatazama dari, akatamka maneno machache.

— Anasema, "Mimi nadhani ni mtumishi."