Jogoo wa Supu ya Mzazi

Jirani yake Tuhfa anaapa kwamba vijana wanaojiita watetezi wa kuku walimsimamisha njiani kule Pongwe wakamtaka amwombe jogoo wake radhi. Tuhfa hakuamini, mpaka siku alipopanda kivuko cha Pangani akamwona mmoja wao kwa macho yake. Alikuwa msichana mwenye fulana iliyochorwa kuku, jina lake Lea, naye alikuwa keshamsogelea bibi mmoja aliyeshika jogoo.

"Shikamoo, bibi. Huyo jogoo umemning'iniza kichwa chini, anaumia."

"Marahaba. Mbona mwenyewe kanyamaza?"

"Ndiyo maana sisi tunamsemea."

"Basi msemee kwa wakwe zangu. Binti yangu kajifungua, na mzazi ni supu. Nikifika mikono mitupu, watanisengenya mpaka arobaini ipite."

"Hatukatazi supu, bibi. Twataka afike salama tu."

"Afike salama, halafu?"

Watu wakacheka. Lea akanyoosha mikono. Bibi akampa jogoo, akisema afadhali naye apumzishe kiganja. Lea akamfungua miguu, akamlaza begani kama mtoto aliyekwisha nyonya. Jogoo akafumba macho. Tuhfa, aliyekuwa akimtazama Lea usoni, akaona msichana wa watu analaza shavu juu ya manyoya ya jogoo.

Kivuko kikagusa ng'ambo ya Bweni, lango likashuka, abiria wakaanza kutoka.

"Ahsante, mwanangu," bibi akasema. "Haya, nipe jogoo wangu."

Lea akazidi kumkumbatia, akatazama maji.