Sauti Iliyosema Vizuri

Benchi la Ketrina liko pembeni ya stendi ya bodaboda, Tunduma, pale ambapo malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yanasimama mpaka madereva wanafua nguo na kuzianika kwenye bampa. Benchi lenyewe ni ubao wa bodi ya lori bovu uliowekwa juu ya matofali, na aliyekaa mwisho wa ubao akinyanyuka bila kuaga, wenzake wanamwagikiwa na kahawa. Asubuhi hiyo walikuwepo wanaokuwepo siku zote. Jilala, dereva wa bodaboda, anaitwa Interpol kwa sababu hakuna jambo la mpakani asilodai kulijua kabla ya polisi. Gwamaka, mbadilisha fedha, anaitwa Kwacha, na kwa kushinda na Wazambia ameanza kukataa mambo kwa Kibemba. Ketrina mwenyewe yuko na birika lake na vikombe vyake visivyo na mkono. Na mzee Yesaya yuko pale katikati, anaitwa Mzimu, jina alilolipata kwa jasho. Enzi za kanda za video aliigiza mizimu, unga usoni, shuka jeupe, ndevu za pamba, na watu wazima na familia zao walikuwa wakisindikizana chooni.

Jana yake mchana, wote walikuwa kwenye kibanda cha video kutazama muvi ya Fanuel. Fanuel ni kijana wa hapohapo mjini, hana kamera, ana simu na maneno mengi. Alimfuata Yesaya akamweleza hadithi: mzimu wa zamani unarudi mjini kutisha watu, watu wanaucheka, halafu mzimu unaona raia wa kawaida wanampiga kibaka mchana kweupe, unaogopa, unarudi kaburini wenyewe. Yesaya alifurahi mno. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwombe ajipake unga.

– Mimi sijaelewa, alianza Interpol. Muuaji ni nani mle ndani?

– Mzimu, alisema Kwacha.

– Mzimu umeua nani? Umetembea tu na shuka. Mzee, usichukie, lakini watoto pale kibandani walikuwa wanakula karanga.

– Sijachukia, alisema Yesaya.

Alichukia kidogo, lakini si kwa ajili ya karanga.

– Ile sehemu ya kibaka ndo imenichanganya, alisema Ketrina akimimina. Wanampiga yule kijana mwenye soksi usoni. Mpaka nikafumba macho. Ile wameigiza au hawakuigiza?

– Wameigiza, mama, alisema Interpol. Ile damu ni juisi ya rozela.

– Awe, alisema Kwacha, na hilo ndilo neno lake la kukataa. Rozela haigandi vile. Ile ni damu ya mbuzi.

– Na kikombe? Kuna kikombe kimeruka kikampata kichwani. Kikombe changu kimoja hakijulikani kilipo tangu siku ile.

Siku ile ya kurekodi wote walikuwepo. Fanuel hakumwambia mtu yeyote stendi kwamba anarekodi. Alitaka watu wengi na hakuwa na cha kuwalipa. Basi akamvalisha Moses soksi ya kike usoni, Moses huyuhuyu dereva wa bodaboda aliyekuwa akikaa mwisho wa benchi hili, akampa pochi, akamwambia akimbie. Vijana wawili wa Fanuel wakamkimbiza wakipiga kelele za mwizi. Na Tunduma ukisikia mwizi huulizi ni wa nani. Unaacha kikombe, au huachi, unakwenda nacho.

– Mimi nilikuwa naamulia, alisema Interpol.

– Wewe? Kwenye muvi una tofali mkononi.

– Nilikuwa nalitoa njiani, mtu asijikwae.

– Sawa. Mimi nilikuwa nachungulia tu, alisema Kwacha.

– Unachungulia kwa mguu?

Kwacha hakucheka. Aliuvuta mguu wake chini ya benchi.

– Sikilizeni, alisema. Moses aliinuka au hakuinuka? Fanuel si alimlalia juu, akalia kwamba jamani ni muvi, ni muvi? Watu wakaachia. Moses akainuka, akakung'uta suruali, akapanda pikipiki yake akaondoka. Mtu aliyepigwa kweli hapandi pikipiki.

– Na tangu siku hiyo yuko wapi? aliuliza Interpol.

– Fanuel anasema yuko kwao Mkwajuni, anapumzika, alisema Ketrina.

– Awe. Moses kaenda Zambia, alisema Kwacha, akiwa amepata nguvu tena. Wazambia wameona kipaji, wamemchukua. Sasa hivi yuko Lusaka anakunywa soda.

– Hujui kitu, alisema Interpol. Yule hakuwa Moses hata kidogo. Fanuel alibadilisha mtu. Siku hizi simu inaweza kutengeneza mtu mzima, na kivuli chake. Sisi tulipiga hewa.

– Tulipiga? aliuliza Ketrina. Si ulikuwa unaamulia?

Yesaya alikuwa akikizungusha kikombe chake. Kahawa ilikuwa imepoa na hakuwa amekunywa hata funda. Alijua kitakachofuata, na alikiogopa kuliko alivyowahi kuogopwa yeye.

– Kuna kitu kingine, alisema Ketrina. Ile sauti.

– Sauti gani?

– Wakati wanapiga. Kuna mtu haonekani, anasema vizuri, vizuri, hivyohivyo. Polepole, kama mwalimu wa kwaya, ila simu imeikwaruza, hutambui ni nani. Mimi hiyo ndiyo iliyonitisha. Mzimu haukunitisha, kupigwa kulinisikitisha, lakini ile sauti usiku ilinirudia.

– Huyo ni Fanuel anaelekeza, alisema Interpol.

– Fanuel ana sauti ya kitoto.

– Basi ni pepo, alisema Kwacha. Ndo muuaji mwenyewe. Pepo limeingia kwenye watu, wanapiga bila kujijua. Ukifikiria vizuri, hata mimi siku ile sikuwa najijua.

– Hapo umesema, alikubali Interpol haraka. Hata mimi mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Na hiyo sauti, niwaambie, si ya mtu wa hapa. Ni ya dereva wa lori. Kuna lori lilikuwa limebeba shaba, limesimama karibu, limezimwa, halina dereva. Nani anaweza kunieleza lori lisilo na dereva linasubiri nini?

– Linasubiri dereva, alisema Ketrina.

– Hivyo ndivyo wanavyotaka ufikiri.

Yesaya alisikia wanavyoibeba ile sauti yake, wakaivusha mpaka wa Zambia, wakaipa pepo, wakaipakia kwenye lori la shaba. Ilikuwa inakwenda mbali naye na alitamani iendelee kwenda. Siku ile alikuwa amesimama nyuma ya watu, unga usoni, akisubiri zamu yake ya kutetemeka. Aliona umati unajaa akadhani Fanuel ameajiri watu wengi, akasema moyoni kijana huyu atafika mbali. Aliona ngumi zinavyoshuka, vumbi, Ketrina mwenyewe anarusha kikombe. Miaka yote aliyoigiza hakuwahi kupata wenzake wanaojituma namna ile. Roho yake ilijaa, akasahau kutetemeka. Akasifu.

Wakati huo pikipiki ya abiria ilisimama na mwanamke akashuka, amejifunga kitenge juu ya gauni, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Aliwasalimia shikamooni, wakaitikia marahaba.

– Natafuta benchi la Mama Ketrina, alisema.

– Ndilo hili, mwanangu. Karibu kahawa.

– Asante, nitakunywa baadaye. Mimi naitwa Edina. Moses ni mdogo wangu, tumetoka tumbo moja.

Interpol alisogea ingawa nafasi ilikuwepo.

– Moses, mwamba wetu. Anaendeleaje? Yuko Lusaka?

– Lusaka kufanya nini? Yuko nyumbani Mkwajuni. Pikipiki ilimfikisha, ila hakuweza kushuka, tulimshusha. Tukampeleka hospitali, taya limefungwa waya. Jicho la kulia haoni nalo, na daktari amesema tusilisubiri.

Kwacha alitazama chini. Hakuna aliyesema awe.

– Jamani, sisi hatukujua, alisema Ketrina. Alikuwa na soksi. Tungemwona sura nani angemgusa? Moses wetu? Mbona hakuivua ile soksi, mwanangu? Angeivua tu.

– Ndicho kilichonileta, alisema Edina. Anaongea kwa shida, meno yamefungwa, lakini hilo amelisema kila siku mpaka nikamwahidi nitakuja kuuliza. Kuna mtu alikuwa anasema vizuri.

– Hiyo sauti, alianza Interpol, sisi tumeichunguza, kuna lori moja…

– Ni mimi, alisema Yesaya.

Lilimtoka bila unga na bila shuka. Wenzake walimgeukia wakamtazama kama hawajawahi kukaa naye. Ketrina aliweka birika chini.

– Ni mimi, mwanangu, alirudia. Nilidhani wanaigiza.

Edina hakushtuka.

– Moses anajua ni wewe, baba. Sauti yako anaijua, umekunywa naye kahawa hapa. Hakunituma niulize ni nani. Anasema walipoanza kumuumiza alishika soksi aivue, aseme jamani ni mimi. Ndipo akakusikia. Akasema, kama Mzee anasema vizuri, basi bado tunaigiza, nikivua nitaharibu kazi ya watu. Akaiachia.

Alijifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge, na ilionekana alikuwa ameyakariri maneno yaliyobaki njia nzima asiyapoteze.

– Amesema nikuulize hivi. Ulikuwa unamwambia nani? Yeye, au wale waliokuwa wanampiga?

Yesaya alirudi kwa mawazo mpaka siku ile pale stendi, akasimama tena nyuma ya migongo ya watu, akajisikiliza akisema lile neno, akatafuta linakwenda kwa nani. Alimtafuta Moses chini akamwona anavyojikunja, na alikuwa akijikunja vizuri. Aliwatazama waliokuwa wakipiga, na walikuwa wakipiga vizuri. Alitaka sana kumpa Edina jibu la kupeleka nyumbani, hata la kumuumiza yeye mwenyewe, lakini hakulipata.

– Sijui, mwanangu, alisema.

Ketrina aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka machicha ya kahawa tu. Edina alikipokea hivyohivyo, akakaa mwisho wa benchi pale Moses alipokuwa akikaa, akasema hana haraka, atasubiri jibu.