Punda wa Nyumba ya Tatu

Ukitoka lango la nyuma la hospitali ya watoto, ukavuka barabara, utamkuta Etagegn chini ya turubai lake la bluu, na birika la udongo juu ya mkaa, na vibao vya kukalia vilivyo chini mno hata magoti yanakaribia kidevu. Hapo ndipo kijiweni. Asubuhi hadi jioni yupo Jaji, aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na hajawahi kuhukumu hata kuku, na yupo Redio, muuza magazeti, ambaye habari zake hazipatikani kwenye gazeti lolote. Siku hiyo alikuwepo pia Demissew, mchonga funguo wa mtaa wa pili, mtu wa maneno machache. Alikuwa ameketi kwenye kibao cha pembeni tangu saa mbili asubuhi, simu mkononi, kahawa yake imepoa bila kuguswa. Bintiye Tirsit, mwenye miaka sita, alikuwa ndani akizibwa tundu la moyo. Hospitali inaruhusu mzazi mmoja tu kusubiri juu, naye mkewe, Aynalem, ndiye aliyepanda.

Kwenye ile simu kulikuwa na punda. Punda mdogo, kavaa shati la hospitali, anatembea kutoka nyumba hadi nyumba. Nyumba ya kwanza, kubadili nguo. Ya pili, kulala usingizi wa dawa. Ya tatu, madaktari. Ya nne, kuamka. Ya tano, nyumbani. Ni programu ya hospitali yenyewe, ya kumzoesha mtoto na kuwaonyesha wazazi amefikia wapi, na Demissew hakuwa na ubaya nayo hata kidogo. Safari ya mwisho walipomleta Tirsit kuchomwa sindano, watu wanne walimshika naye akamng'ata mmoja. Safari hii alikuwa amecheza na yule punda wiki nzima, akamlaza baba yake kwenye mkeka na kumpima moyo kwa kikombe cha plastiki. Asubuhi hii aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akapunga mkono.

Daktari alisema kazi ingechukua muda wa saa mbili, labda na nusu. Punda aliingia nyumba ya tatu saa tatu asubuhi. Sasa ilikuwa saa saba.

— Hajasogea? Redio aliuliza.

— Hajasogea.

— Basi ni mtandao. Nakwambia mimi. Mvua ikinyesha tu hivi, mtandao unaingia ndani kama kuku.

— Mtandao upo, alisema Etagegn bila kuinua macho kutoka kwenye mkaa. Dada yangu kanipigia sasa hivi kutoka Gondar, namsikia hadi anavyotafuna.

— Zima, uwashe, alisema Jaji.

Demissew akazima. Akawasha. Wote wanne wakainama juu ya kile kioo kidogo. Punda akatokea, mlangoni pa nyumba ya tatu, akitabasamu vilevile.

— Si nilisema? Redio hakukata tamaa. Wenye mtambo wako ng'ambo. Kule sasa ni usiku. Wamelala. Nani atamsukuma punda usiku?

— Asubuhi nani alimsukuma, ewe mtu? Jaji aliuliza. Kule kulikuwa mchana?

— Asubuhi walikuwa hawajalala bado!

Jaji alikunja gazeti la Redio, ambalo kama kawaida alikuwa akilisoma bure, akaliweka pajani.

— Mimi nimekaa na mafaili miaka thelathini, alianza. Faili likisimama, halijasimama bure. Kesi ikienda vizuri, faili linakimbia, kila mtu anataka lipite kwake. Lakini ikiharibika... hapo utaliona limekaa mezani kwa mtu, siku mbili, siku tatu. Kwa nini? Hakuna anayetaka kuwa yeye wa kulisoma.

Redio aliangalia barabarani. Demissew alikifuta kioo cha simu kwa mkono wa shati, ingawa mvua ilikuwa nje ya turubai.

— Mzee, Etagegn alisema taratibu, hayo maneno ungeyameza.

— Naeleza utaratibu tu, mama.

— Utaratibu wako upeleke mahakamani. Hapa kuna baba wa mtu.

Redio aliona lazima aokoe jahazi, akaliokoa kwa namna yake.

— Hakuna cha faili wala nini. Kuna mkubwa kaja kukagua. Nimeona magari mawili meusi yameingia. Mkubwa akija, madaktari wote wanapangwa mstari, wanapigwa picha. Punda naye kaambiwa asubiri.

— Na mtoto aliyefunguliwa kifua? Naye kaambiwa asubiri? Jaji alimkemea.

— Sikusema hivyo!

— Ndivyo ulivyosema! Mimi nadhani wamekosea punda. Tirsit wako wangapi mle ndani? Wawili, watatu? Wa kwako pengine kaamka zamani anakunywa uji, na huyu unayemtazama ni punda wa watu.

— Ana namba, Demissew alisema. Niliiandika mwenyewe.

— Namba inakosewa! Nimeona mtu akifungwa kwa namba ya jirani yake!

— Nyamazeni, Redio akanong'ona, akiegemea mbele. Sikilizeni. Hizi simu zinasikia. Zinaona pia, lile tundu la juu ni jicho. Tumeikodolea macho saa nne nzima. Wewe ungetembea? Igeuze kifudifudi. Ifunike. Tumwache punda ajisikie huru.

Ni upuuzi, na Demissew alijua ni upuuzi. Lakini aliigeuza simu kifudifudi kwenye kibao, na Etagegn, ambaye dakika moja kabla alikuwa mwenye akili kuliko wote, akaifunika kwa kitambaa cha vikombe. Wakangoja. Redio alihesabu kimoyomoyo huku midomo ikicheza.

Simu ikalia.

Demissew hakuinyanyua. Asubuhi Aynalem alikuwa amemwambia mlangoni pa hospitali: usinipigie, sitavumilia kuusikia mlio wa simu, na mimi sitakupigia ila kukiwa na jambo. Sasa kitambaa kilikuwa kinatetemeka. Jaji alivua kofia. Ilikuwa Etagegn aliyefunua, akasoma jina, akaipokea na kumwekea Demissew sikioni.

— Fundi? ilisema sauti ya mwanamume. Nimejifungia nje tena. Uko wapi?

Demissew alikata bila kujibu. Akairudisha simu magotini. Punda alikuwa palepale.

Wakati huo aliingia chini ya turubai mwanamke mwembamba, shela limelowa, mkononi utepe wa plastiki wa hospitali ambao hufungwa mama wa mgonjwa aliyelazwa. Alitaka mkate na kahawa. Alisimama akisubiri akasikia habari yote, kwa kuwa Redio na Jaji waliianza upya kwa faida yake, kila mmoja na punda wake. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Demissew.

— Na mtoto je? Nani amekwenda kumuulizia?

Redio alilichukua gazeti lake pajani pa Jaji. Jaji alitazama kofia yake.

— Hospitali si ile pale? aliongeza mwanamke, bila dharau, kama mtu anayehakikisha njia.

Ilikuwa ile pale. Hatua hamsini.

— Ninaogopa, dada, alisema Demissew.

— Najua. Mimi nina siku kumi na moja mle ndani. Inuka twende.

Mlinzi langoni alimzuia: kuona wagonjwa ni saa kumi. Mwanamke akaonyesha utepe wake, akasema huyu ni wangu, na kabla mlinzi hajaamua kama ni kweli walikwishafika kwenye ngazi. Ghorofa ya tatu, mwanamke akamwonyesha korido kwa kidole, akaenda zake na mkate wake. Demissew hakuwahi hata kumuuliza jina.

Aynalem alikuwa mwishoni mwa korido, ameketi sakafuni mbele ya mlango mweupe. Alipomwona mumewe akija, alisimama akiushika ukuta.

— Umeona nini kwenye simu? Niambie. Niambie sasa hivi.

— Sijaona kitu. Nimekuja kukuuliza wewe.

— Mimi? Mimi sijaambiwa lolote! Nilijua wewe unaona kila kitu. Nikasema, mradi Demissew hajaja, mambo ni mazuri. Ndiyo maana nilipokuona...

Waliangaliana, kila mmoja akielewa kwamba tangu asubuhi alikuwa ameegemea ukuta usiokuwepo. Kisha Demissew akaugonga ule mlango. Hakuugonga kwa adabu.

Alifungua sista kijana, barakoa shingoni, macho mekundu.

— Wazazi wa Tirsit? Ametoka kama dakika kumi zilizopita. Tundu lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana kwenye picha, ikabidi washone mara mbili. Limezibwa. Anapumua mwenyewe.

— Simu haikusema, Demissew alisema. Hakuwa analaumu, ndicho kilichomjia.

— Ninayemsogeza punda ni mimi, baba. Leo tuko wawili, na mikono yangu ilikuwa kazini mle ndani.

Aynalem aliketi tena sakafuni, akalia kwa kwikwi kama mtoto, na sista akachuchumaa karibu naye akamshika bega mpaka ikapita.

Waliruhusiwa kuingia jioni, kanuni ya mzazi mmoja ikiwa imesahauliwa na wote waliokuwa zamu. Tirsit alikuwa mdogo sana kwenye kile kitanda, bomba limebandikwa mkononi, midomo imekauka. Alifumbua macho, akayafumba, akayafumbua tena. Akamtazama mama yake, kisha akamtafuta baba yake hadi akampata.

— Baba, alisema kwa sauti ya kukwaruza. Ulikuwa wapi?

— Hapo nje, mwanangu. Karibu kabisa.

— Ukifanya nini?

Demissew aliitoa simu mfukoni, akamwonyesha punda. Aynalem akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumapili, akamsogezea mumewe kiti.