Saruji Imefika Themanini, Ukuta Umefika Magotini

Niapie kwanza kwamba hutamwambia mtu. Mimi mwenyewe nimelibana jambo hili moyoni tangu asubuhi, nimemwambia mshonaji tu, na muuza mkaa, na sasa wewe. Ni habari ya chumba cha kujifungulia tunachojenga pale zahanati kwa michango yetu. Mke wa mwanangu anakisubiri, na tumbo limeshashuka. Basi nilikuwa kijiweni mbele ya kinyozi na birika langu la kahawa, benchi limejaa, na msimamizi wa ujenzi kakalia ncha, mguu juu ya mguu. Tunamwita Asilimia, maana hata ukimuuliza mkewe hajambo, atakujibu kwa asilimia.

— Jamani, ujenzi umefika themanini, akasema.

— Umefikaje? akauliza Kinyozi, kamshika mteja kisogo.

— Saruji imetumika asilimia themanini, kwa hiyo kazi imeisha asilimia themanini. Hesabu hiyo!

— Kwa ratiba yako mwenyewe, wiki hii tungekuwa tunaezeka. Nimepita pale, ukuta unanifika magotini, akasema Kinyozi.

— Ardhi ile ina kiu, akadakia Fundi Redio kutoka katikati ya benchi. Inakunywa saruji.

— Umeona! akasema Asilimia, kafurahi kupata wakili. Na jengo la kisasa hukua kwenda chini kwanza.

— Basi Bibi, mjukuu wako atazaliwa shimoni! mmoja akanitania.

Benchi zima likacheka. Mimi nilimimina kahawa.

— Ngoja, akasema Kinyozi. Huyu nimemnyoa upande mmoja, na povu lote limekwisha. Kazi yangu imefika ngapi?

— Mia! benchi likajibu.

Mteja akajipapasa kichwa.

— Mia ya nani? Mimi naenda kuposa!

Ndipo mke wa mwanangu akatokea, mkono kiunoni, anahema.

— Shikamooni. Shemeji Asilimia, nimelizunguka lile jengo lote. Mlango uko wapi?

Fundi Redio akatazama mawingu. Asilimia akanywa kahawa, na kikombe kilikuwa kitupu.

Mara mkokoteni ukasimama mbele yetu, umejaa mifuko ya saruji.

— Bosi Asilimia! akaita mwenye mkokoteni. Hii ya leo nayo niipeleke kwako? Mama watoto wako kakataa. Anasema uani kumejaa, mlango wa choo haufunguki.

Weee! Na kila mfuko una alama nyekundu ya zahanati, niliyoipaka kwa mkono wangu huu. Asilimia akainuka aondoke, Kinyozi akamtupia shingoni kile kitambaa cha kunyolea na kumvuta kama mbuzi hadi kwenye mkokoteni.

— Sukuma, mke wa mwanangu akamwambia, mkono tumboni. Zahanati ni kule. Huyu humu ndani hajui themanini.

Asilimia akashika mpini mbele ya mtaa mzima.

— Utasukuma asilimia ngapi? akauliza mteja wa nusu kichwa.

— Mia, akajibu, sauti haisikiki.