Waridi Avua Helmeti: Miaka Thelathini na Minne ya Bwana Nagae

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupigwa, kurushwa na kulipuliwa kwa niaba ya kampuni yetu, Bwana Hisamitsu Nagae anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Kwa ninyi wa ofisi za juu ambao hamjawahi kushuka karakana, huyu ndiye yule mzee mfupi mwenye sharubu anayekunywa chai ya shayiri karibu na mlango. Kwa watoto wa Japani nzima, huyu ni msichana wa miaka kumi na tisa.

Nimeombwa mimi niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye ninayemfunga zipu. Wakubwa walidhani nitaandika mambo ya heshima. Nitajitahidi.

Bwana Nagae alitoka Akita akiwa kijana wa judo mwenye nia moja tu, kuwa Mwekundu. Kila anayekuja hapa anataka kuwa Mwekundu, maana shujaa wa vazi jekundu ndiye kiongozi wa kikosi katika vipindi vyetu vya televisheni. Marehemu mkurugenzi Ikushima alimtazama kutoka utosini hadi kwenye nyayo, akamwambia, "Wekundu wamejaa, kijana. Wewe una kiuno. Vaa hii." Akamtupia nguo ya mpiganaji wa rangi ya waridi, na sketi yake. Katika kazi yetu, yule binti mrembo mnayemwona kwenye televisheni akishajigeuza mpiganaji huenda pembeni kunywa juisi, na anayepigana ndani ya vazi ni mtu mwingine. Siku zile mtu huyo mara nyingi alikuwa mwanamume.

Hakulalamika. Alikwenda kujifunza kutembea. Alisimama kwenye stesheni ya Ikebukuro kutwa nzima akiwatazama wanawake wanavyopanda ngazi, mpaka polisi akamfuata. "Wewe, unafanya nini hapa tangu asubuhi?" Bwana Nagae, ambaye hajui kusema uongo, akajibu, "Najifunza kuwa msichana, afande." Ukweli haukumsaidia. Ikushima alikwenda kumtoa kituoni, na inasemekana njia nzima hakumgombeza. Alimwambia tu, "Haya, tangulia mbele nikuone unavyotembea."

Amevaa mavazi ya wapiganaji wa kike wengi, lakini jina lake lilijengwa na Kikosi cha Wasaka Hazina. Wazee wa kampuni mnakikumbuka: wapiganaji watano wanaozunguka dunia kutafuta hazina zilizopotea, kabla Ukoo wa Vumbi haujazipata na kuzitumia kuangamiza Tokyo. Kila Jumapili asubuhi kulikuwa na hazina mpya. Mara kioo kinachomeza milima, mara sufuria ya mfalme isiyokaukiwa uji. Waridi ndiye aliyekuwa msoma ramani wa kikosi. Siku moja tukirekodi kwenye machimbo ya mawe ya Tochigi, Waridi alianguka kutoka ukingoni huku baruti zikilipuka nyuma yake. Moshi ulipotulia Bwana Nagae aliinuka, akaja kwangu moja kwa moja na kunishtakia, "Dada Tsukada, sketi imechanika." Goti lilikuwa limechanika zaidi, ila goti si mali ya kampuni.

Lazima nieleze na hili la kutikisa kichwa. Ndani ya helmeti mdomo hauonekani, na sauti huwekwa baadaye, au hutoka kwenye kanda tukiwa jukwaani. Kwa hiyo sheria yetu ni moja: anayesema ndiye anayetikisa kichwa na mikono, wengine wote wanatulia tuli kama nguzo. Mazoea yana taabu. Bwana Nagae hutikisa kichwa akiagiza tambi, hutikisa kichwa akizungumza kwenye simu. Mwenzake aliyemvaa Mwekundu, Bwana Togashi, aliwahi kumwambia, "Nagae, wewe hata ukinyamaza unapiga kelele."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Waigizaji wetu wa ndani ya mavazi hawakuwa wakiwaambia watoto wao wadogo kazi wanayofanya. Mtoto wa chekechea hana kifua cha kutunza siri, na siri ikitoka, watoto wote wa mtaa wanapoteza shujaa. Binti wa Bwana Nagae, Nanaho, alikuwa na miaka mitano na alimpenda Waridi kuliko chakula. Nyumbani aliambiwa baba yake anabeba mizigo. Jumapili asubuhi walikuwa wakikaa pamoja mbele ya televisheni, baba akijitazama, mtoto akimtazama Waridi. "Baba," alimwambia siku moja, "ungekuwa na nguvu kama Waridi, ungemaliza kubeba mizigo mapema." Bwana Nagae alikubali kwamba ni kweli. Kisha akavaa viatu akaenda kazini, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya maonyesho kwenye bustani ya michezo. Bustani zile ndizo zilizokula Jumapili zake zote.

Jumapili moja mama yake alimpeleka Nanaho bustanini bila kumwambia mumewe. Bwana Nagae alipanda jukwaani, akachungulia kupitia vile vitundu vya helmeti, akamwona mwanawe mstari wa mbele ameshika bendera ya karatasi. Akapotea kabisa. Kanda ikafika mahali pa Mwekundu, na anayetikisa kichwa na kunyoosha ngumi akawa Waridi. Watoto wote walimsikia yule msichana akinguruma kwa sauti nzito ya kiume, "Mimi ndiye kiongozi wenu! Hazina hii haitoki hapa!" Togashi alikuwa ameporwa uongozi hadharani. Akapiga makofi.

Baada ya onyesho watoto hupanga foleni kuwashika mikono mashujaa. Sheria hapo ni kali kuliko zote: helmeti haivuliwi mbele ya watoto, na shujaa hasemi hata neno. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, kazi yangu ikiwa kuangalia zipu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nanaho alifika, akaishika glavu kwa mikono miwili, akasema, "Waridi, ninyi si mnatafuta vitu vilivyopotea? Baba yangu hupotea kila Jumapili. Mtafutie njia arudi, tafadhali. Si lazima iwe leo."

Bwana Nagae alipiga goti moja chini, lile bovu. Akatikisa kichwa kukubali. Mtoto akaridhika, akaenda kununuliwa barafu. Bwana Nagae alimshika mkono mtoto aliyefuata, na aliyefuata, mpaka foleni ikaisha. Kwenye chumba cha mavazi nilimvua helmeti. Sitaandika nilichokiona. Nitaandika alichosema: "Nimemwahidi mwanangu kitu nisichoweza kumpa."

Jumapili iliyofuata alikuwa kazini, na zile zilizofuata pia. Mwaka mmoja aliomba apangiwe siku nyingine, akaambiwa Waridi hana mbadala, jambo lililokuwa sifa na kifungo. Nanaho alijua ukweli alipoanza kusoma, kwa kuwa jina la baba yake lilipita mwishoni mwa kila kipindi. Hakusema. Baba naye hakusema. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili wanaotunza siri moja, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Mama yake Nanaho alituambia kuwa ilimchosha sana.

Katika miaka hiyo Bwana Nagae amefunza mabinti wengi kupigana na kuanguka bila kuumia. Mrithi wake, Bi Chihaya Onodera, anasema mwalimu wake alimkemea mara moja tu: "Usitembee kama mwanamke, Chihaya. Wewe ni mwanamke tayari. Tembea kama Waridi." Leo binti huyo anaruka juu kuliko mzee alivyowahi kuruka, na mzee hutamba nalo kila mahali kana kwamba miguu ni yake.

Mwezi huu, Kikosi cha Wasaka Hazina kilipotimiza miaka ishirini na mitano, kilirudi bustanini kwa onyesho moja. Bwana Nagae aliomba avae mwenyewe, iwe ya mwisho. Tulimkaza goti kwa bandeji, tukalegeza kiuno cha nguo kidogo. Kiasi gani ni siri ya idara.

Foleni ya kushikana mikono ilikuwa ndefu. Katikati ya watoto alisimama mwanamke wa miaka thelathini, peke yake, amevaa koti la ofisini. Zamu yake ilipofika aliishika glavu kwa mikono miwili.

"Waridi," Nanaho alisema, "zamani nilikuomba unitafutie baba. Nimekuja kuuliza umefikia wapi."

Mimi nilikuwa nyuma palepale pangu. Nilijua sheria, na yeye aliijua kunishinda. Hakupiga goti. Hakutikisa kichwa. Alisimama tuli kama nguzo, na kutoka ndani ya helmeti ikatoka sauti ya mzee wa Akita, ya kukwaruza.

"Niko hapa, mwanangu. Nisamehe, nimechelewa."

Nanaho alimkumbatia, helmeti na sketi na vyote. Mtoto wa nyuma yao akamgeukia mama yake, akasema kwa nguvu bustani nzima isikie, "Mama! Waridi ana mafua!"

Uongozi umepokea taarifa ya ukiukaji wa sheria na haujachukua hatua yoyote. Nami nimeikausha helmeti. Ilichukua muda mrefu kuliko kawaida.

Bwana Nagae, kwa kila ulichotupa, na kwa kila mtoto aliyelala usingizi mzuri kwa sababu yako, tunakushukuru sote, kuanzia wakurugenzi hadi sisi wa sindano na uzi. Nenda nyumbani. Tunakutakia Jumapili nyingi.

Mitsuyo Tsukada
Idara ya Mavazi